Bibi harusi akitapika baada ya fungate, pimeni kwanza

Pamba ikishauzwa, kumbi za Bariadi hujaa. Kila Jumamosi kuna sendofu au harusi, na kila wiki kuna wanandoa wapya wanaouliza waende wapi kwa fungate. Wengi hutaja Zanzibar. Wengine, kwa kuwa Serengeti iko jirani, huingia kwa geti la Ndabaka na kurudi jioni. Mimi nikiulizwa hujibu "Amani", na mara nyingi huchekwa: fungate kwenye bustani ya miti?

Ndiyo, bustani ya miti. Mpendwa msomaji, mimi na mume wangu tulikwenda huko miaka kumi na sita iliyopita, na wazo lilikuwa lake. Tulipanda basi kutoka Shinyanga, tukapita Singida, Arusha na Moshi, tukashuka Muheza mkoani Tanga tukiwa na vumbi hadi masikioni. Kesho yake tukapanda mlima.

Bustani ya Mimea ya Amani ipo Usambara Mashariki, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi. Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo, wakaleta mbegu na miche kutoka mabara mengine ili waone kipi kitaota vizuri Afrika Mashariki. Leo imo ndani ya Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Kwa sisi tuliokulia Meatu, ambako kivuli cha mti mmoja hugombewa na watu pamoja na ng'ombe, kutembea siku nzima bila kuchomwa na jua ni fungate tosha.

Mti niliotaka kuuona kuliko yote ni wa kwinini, yaani sinkona. Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilipozuia bidhaa kuwafikia Wajerumani, Amani ilikuwa mahali pamojawapo walipotengeneza kwinini ya askari wao kutokana na magome ya miti hiyo. Baada ya Vita ya Pili, Waingereza waliweka hapo hapo kitengo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki. Urithi wa kazi hiyo uko NIMR hadi leo, kwenye kituo chao cha Muheza.

Mwongozaji wetu aliokota kipande cha gome kilichoanguka, akanipa nionje. Uchungu wake ulikaa mdomoni hadi chakula cha mchana. Nilimweleza mume wangu, kwa majivuno ya daktari kijana, jinsi dawa hii inavyoua vijidudu vya malaria. Hakunikumbusha kwamba usiku uliotangulia, pale Muheza, tulikuwa tumekifunga chandarua juu kwa sababu ya joto. Bonde la Muheza linajulikana kwa watafiti wa malaria tangu zamani. Kule juu, kwenye baridi, mbu wake hupungua. Sisi tulilala bondeni bila kinga, kisha mlimani tukajifunika vizuri.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani nikaanza kichefuchefu, na siku zangu zilikuwa zimechelewa kwa wiki moja. Siku ya pili nikatapika uji. Mama mkwe akatabasamu, akaniambia nipumzike, kazi za jikoni atafanya yeye. Jioni mwili ukachemka. Nikajiambia ni uchovu wa mimba changa. Daktari mzima! Nilikaa siku tatu hivyo, nikitapika na kutetemeka, huku nyumba nzima ikinong'ona kwa furaha. Aliyenipeleka kupima ni mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hajui lolote kuhusu tiba, ila alisema hajawahi kusikia mimba inayotetemesha kitanda.

Mimba ilikuwepo. Malaria pia ilikuwepo. Majibu yote mawili yalitoka asubuhi moja.

Hili ndilo ninaloliona kila msimu wa harusi hapa Simiyu, na ndilo linalonifanya niandike. Bibi harusi akitapika, familia hushangilia kabla ya kupima. Yeye mwenyewe huona aibu kusema ana homa, kwa sababu wakwe wameshafurahi. Anafika kwetu siku ya tano akiwa amepauka, wakati mwingine damu imeshaanza kutoka.

Mimba changa huleta kichefuchefu, kutapika, usingizi na uchovu. Haileti homa. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 37.5 au zaidi, kuna jambo lingine, hata kama kipimo cha mkojo kimesema ana mimba. Vijidudu vya malaria huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 14 tangu mbu aume hadi homa ianze, na wakati mwingine mwezi. Kwa hiyo homa ya safari huja ukiwa umesharudi na masanduku umeshayafungua.

Tena mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Vijidudu hujificha kwenye kondo la nyuma, mahali ambapo mwili wa mwanamke huyo haujawahi kupambana navyo, hata kama ameugua malaria mara kumi utotoni. Anaweza kuishiwa damu au mimba ikatoka.

Wenzangu wa vituo vya afya nasi tuna deni. Tunamwona msichana mwenye hina mikononi, tunampa kipimo cha mimba, tunampongeza na kumruhusu. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya dakika 20. Na swali la "mmetoka wapi?" halina gharama yoyote.

Mimi nilitibiwa kwa kwinini, kwa kuwa miaka ile ndiyo ilikuwa dawa ya mimba ya miezi mitatu ya kwanza. Siku saba masikio yalivuma kama kiwanda cha kuchambua pamba, na walinipima sukari mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo huishusha. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa mseto ya ALu hata katika miezi hiyo mitatu, nayo ni rahisi zaidi kuimeza. Ila isimezwe kwa kukisia, pimeni kwanza. Na wanaochemsha magome nyumbani, nawaomba waache: hakuna anayejua kikombe kimoja kina kiasi gani cha dawa.

Kamati za harusi hukusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi, mapambo na keki. Sijawahi kuona bajeti yenye mstari wa chandarua cha safari.

Mtoto wetu yuko kidato cha tatu, na anataka kuuona huo mti tunaousimulia kila mara. Tumepanga kwenda Desemba. Chandarua nimeshanunua. Mume wangu ameanza kulalamika kuhusu joto la Muheza.