Ngong Haina Sakura, Wasee

Nitasema hii na najua wengine mtanikasirikia. Wengi wetu tunaochora anime hapa Kenya hatujui rangi. Tunaazima rangi za watu, tunazibandika kwa maisha yetu, halafu tunaita hiyo staili. Na kabla uniulize mimi ni nani, acha nianze na makosa yangu.

Mwaka jana nilimchora sista yangu mdogo. Ana miaka minane na ni mweusi kama mamangu. Alikuwa amekaa mlangoni kwetu hapa Embulbul, akingoja picha kwa hamu. Nikampa macho makubwa, utepe kichwani, na nyuma yake maua ya sakura yakipeperuka. Nikamwonyesha simu. Akaangalia sana, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia, ni wewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni mrembo kuniliko."

Hiyo kitu ilinikalia kwa roho. Rangi ya ngozi nilikuwa nimeinyonya moja kwa moja kutoka picha ya anime niliyoipenda. Sikuamua. Kidole kiliamua. Na mtoto akasoma ujumbe ambao mimi sikujua naandika.

Sasa najua utaniambia, "Bro, anime ni ya kubuni. Kwani Japani kuna watu wana nywele za bluu?" Sawa. Nywele za bluu ziko hapo kukusaidia kutofautisha wahusika, na kukuambia nani ni mkali na nani ni mpole hata kabla afungue mdomo. Lakini angalia mwanga. Angalia anga. Makoto Shinkai alipotengeneza Your Name mwaka 2016, alichora ngazi ambazo ziko kweli Tokyo, mtaa wa Yotsuya, na ile saa ya jioni ambayo mchana na usiku zinagusana. Akira ya 1988 imejaa usiku wa mjini, na watengenezaji walitumia rangi 327, ambapo 50 kati ya hizo zilichanganywa upya kwa ajili ya hiyo filamu pekee. Michiyo Yasuda alipanga rangi za filamu nyingi za Studio Ghibli, pamoja na Spirited Away ya 2001. Hiyo ilikuwa kazi kamili ya mtu mzima, kuamua tu hii nyekundu iwe nyekundu gani.

Hao watu waliangalia kwao. Sakura ni ya kwao kwa sababu inachanua nje ya madirisha yao. Sisi tumechukua jibu lao na kuacha swali walilojiuliza.

Halafu kuna kundi la pili, na hawa pia sitawaachilia. Hawa wakiambiwa "chora Kiafrika" wanamwaga rangi ya machungwa kila mahali, wanaweka jua kubwa na mti mmoja wa mgunga. Wasee, nani kati yenu anaishi hapo? Hiyo ni rangi ya postikadi ya mtalii.

Panda 111 kutoka tao, shuka Embulbul mwezi wa saba. Utapata ukungu umefunika milima ya Ngong mpaka zile mashini nyeupe za upepo zinaonekana nusu nusu. Mabati mapya yanang'aa kama maji, ya zamani yana kutu ya rangi ya chai. Saa kumi na mbili na nusu jioni, matatu zinapita na taa za zambarau na kijani, na hiyo kijani inaangukia uso wa mama anayechoma mahindi, huku makaa yakimmulika kutoka chini. Kuna mwanga wa aina mbili kwa uso mmoja. Nionyeshe anime gani imewahi kuchora huo uso. Hakuna, kwa sababu hiyo ni kazi yetu na tumeiacha.

Na tusidanganyane ati kwetu hatuna lugha ya rangi. Wamaasai, wenye hii ardhi kabla ya sisi wapangaji, wanamsema Enkai kwa rangi: mweusi ni yule mwema wa mvua, mwekundu ni yule wa hasira. Huo ni mpangilio wa rangi wenye hadithi ndani yake, uliokuwepo kabla ya televisheni. Ng'endo Mukii, Mkenya, aliongoza filamu inayoitwa Enkai kwenye mkusanyiko wa Kizazi Moto uliotoka Disney+ mwaka 2023. Huyo huyo, mwaka 2012, alikuwa ametengeneza Yellow Fever, filamu fupi kuhusu wanawake wanaojichubua. Yaani kuna mtu wa hapa ameshaelewa kwamba rangi ya ngozi kwa skrini si mapambo. Mtoto anajipima nayo.

Kwa hivyo acheni uvivu. Ukichora ngozi nyeusi, usitie kivuli kwa kuongeza rangi nyeusi tu, itatoka majivu. Jaribu zambarau iliyoiva au nyekundu ya giza. Kwa paji la uso na mfupa wa shavu, weka rangi ya anga ya hiyo saa, kwa sababu ngozi yetu inarudisha mwanga vizuri sana. Nilijifunza hii kwa kuharibu picha nyingi.

Nimemchora sista upya. Safari hii alikaa pale pale mlangoni, na mimi nikakaa mbele yake nikimwangalia badala ya kunyonya rangi kwa simu. Ilinichukua siku tatu. Alipoona akacheka, akasema nimemkosea pua.

Pua nitarekebisha. Lakini hakuuliza ni nani.