Chumvi Haipai, Shemeji

Na Rukia Mwinyihaji

Shemeji yangu amejenga bahari sebuleni kwake, Nyali. Jumapili alituita tukaitazame. Taa za buluu, mchanga mweupe, na samaki wawili wa Nemo, mmoja akielea ubavu.

"Huyo amelala," akasema.

Amelala usingizi wa milele. Dada wa kazi alininong'oneza jikoni kwamba kila wiki anaopoa maiti, na kila wiki kuna kijana analeta wengine. Nilipomkabili shemeji, akacheka: "Bahari haiishi samaki." Nilighadhibika hata biriani ikanishinda, na mnajua mimi na biriani.

Kumbe alijaza maji leo, kesho akatia samaki. Samaki hutoa amonia majini, na amonia ni sumu. Lazima kwanza wazaliane bakteria wa kuigeuza nitriti, kisha nitrati, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kubwa zaidi, maji yakipungua, bwana huyu anaongeza maji ya chumvi! Chumvi haipai, shemeji. Kinachopaa ni maji. Watu wa Gongoni wanaoanika maji ya bahari juani wakavuna chumvi wangekucheka hadi walie. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35. Ya kwako sasa inafaa kuwekea pilipili za achari.

Samaki wa pwani yetu husafirishwa hai kwa ndege hadi Ulaya, na huko anayemnunua hupima maji yake kwa vipimo. Sisi tulio na bahari mlangoni tunamwona samaki ni bure, ndiyo maana tunamuua.

Na huyu wa Nemo, miongoni mwa samaki wa maji chumvi, ni mwepesi kuzalishwa nyumbani. Jike hutaga juu ya jiwe. Dume hulinda mayai na kuyapepea kwa mapezi mpaka yaanguliwe usiku, baada ya wiki moja hivi. Kazi ni kulisha vitoto: wanataka rotifa, vidudu vidogo mno vinavyofugwa kando. Jike akifa, dume hugeuka jike. Nilisema mezani kwamba kwa kanuni hiyo baba yake Nemo angekuwa mama yake, na mama mkwe akapaliwa na sharubati.

Shemeji hakusikia. Sasa anamtaka Dory, yule kangaja wa buluu. Wataalamu wa Florida walihangaika miaka hadi 2016 ndipo wakafaulu kumkuza tangini kutoka yai, na akikomaa hukaribia sentimita 30. Tangi la shemeji nalipima kwa mkono mmoja.

Nimemshauri yule dada: akifa mwingine, asimtupe. Amwandalie bosi mezani, na ndimu pembeni.