Tuisimamie Bendera, Tuzitunze na Rangi Zake

Mjini Bariadi, mkoani Simiyu, jua linapochomoza na linapotua, filimbi ikilia kwenye ofisi ya serikali, mwenye baiskeli hushuka, muuza nyanya husimama, na wapita njia hutulia mpaka bendera ipande au ishuke. Ni adabu njema, na idumu. Lakini tukisimama pale, tunaheshimu nini hasa?

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Bendera ya Tanganyika, aliyoipandisha Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, ilikuwa ya kijani, nyeusi na njano. Baada ya Muungano wa Aprili 26, 1964, ikaongezwa buluu iliyokuwamo katika bendera ya Zanzibar. Kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, buluu ni maji, njano ni madini.

Sasa tazameni vipimo vyake. Njano, rangi ya utajiri, imepewa mistari miwili myembamba tu. Nyeusi imekaa katikati, pana, toka pembe hadi pembe. Maana yake ni kwamba mali humsindikiza mtu. Mtu hakuumbwa kuisindikiza mali.

Nasi wana Simiyu rangi hizo tunazo. Buluu ni Ziwa Victoria pale Busega, na Mto Simiyu unaomwaga maji yake humo. Kijani ni ngitili walizotuachia wazee, malisho yanayofungwa masika ili mifugo ipone kiangazi. Basi anayekata miti ya ngitili apate gunia la mkaa, amekifuta kijani. Anayelima pamba hadi ukingoni mwa mto, ilhali Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imeagiza kingo zihifadhiwe kwa mita 60, ameitia buluu matope. Na anayemtoa mtoto darasani akachume pamba, ameiuza nyeusi ili ainunue njano. Watu hao wakisikia filimbi husimama wima kama sisi sote!

Kwa hiyo, walimu wawafundishe watoto maana ya kila rangi na wajibu unaoambatana nayo. Serikali za vijiji zisimamie sheria ndogo za ngitili bila kuangalia sura ya mtu. Wazazi, pamba ivunwe na watu wazima, watoto wabaki shuleni. Kusimama dakika moja ni rahisi. Bendera inatudai kazi ya siku nzima. Tuifanye.