MTUENI BINGWA MZIGO

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya sala ya Isha alinijia mama mmoja mtu mzima hapa Kwihara. Mwanawe ni bondia. Wengi wenu wa Tabora mnamjua, lakini jina lake silitaji, na nawaomba nanyi msilitaje. Ana miaka 41. Ameitwa kupigana tena, na mama ameniomba nimzuie.

Nikamwita, kwa kuwa alisoma madrasa kwangu. Tukakaa barazani. Akanisalimia, tukazungumza habari za mvua na mizinga ya nyuki. Baada ya muda akanisalimia tena, kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Nikaandika hapa maneno machache tu, kwamba bingwa akishaanza kuzeeka aache ulingo. Subhanallah! Nimeambiwa nina husuda, nimeambiwa nibaki msikitini, nimeambiwa bingwa hakimbii. Basi leo tujibizane kwa utaratibu.

Kwanza niliweke wazi lililo wazi. Wanachuoni wa Majmaa al-Fiqhi al-Islami ya Makka, katika kikao chao cha 10, Oktoba 1987, walisema ngumi za ulingoni za namna hii ni haramu, kwa kuwa zimejengwa juu ya kuhalalisha kumuumiza mwenzako. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kupiga uso, na bondia analipwa kwa kupiga uso. Hilo ndilo ninalofundisha. Lakini mtu aliye katikati ya mto humsomei darsa la kwa nini aliingia. Unamtoa kwanza.

Sasa hoja zenu.

HOJA YA 1: "Ni mwili wake, aachwe."

Hapana, ndugu yangu. Mwili ni amana. Allah ametukataza kujitia kwa mikono yetu katika maangamizo, soma Suratul Baqara, aya ya 195. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwili wako una haki juu yako. Tena mwili huo una mama, una mke, una watoto. Siku akisahau njia ya nyumbani, wewe uliyepiga makofi hutakwenda kumtafuta. Atakwenda mama yule.

HOJA YA 2: "Bado ana nguvu. Foreman alishinda akiwa mzee!"

Kweli. George Foreman alirudisha ubingwa wa dunia Novemba 1994 akiwa na miaka 45. Nami nakuuliza: nitajie watano wengine. Mmoja akivuka mto wenye mamba akatoka salama, hatuwapeleki watoto wetu wote kuogelea pale.

Mimi nitakutajia mwingine, ambaye sisi Waislamu tunajivunia jina lake. Februari 1980 Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam. Alitumwa na Rais Carter wa Marekani kuishawishi Tanzania isiende kwenye Olimpiki ya Moscow. Nilikuwa mtoto, lakini namkumbuka marehemu baba amekaa na redio yake, hataki mtu akohoe. Kwake Ali alikuwa yule wa Kinshasa, aliyemwangusha Foreman huyohuyo Oktoba 1974.

Lakini Ali yule alikuwa ameshaonywa. Mwaka 1977, baada ya pambano lake na Earnie Shavers, daktari wake Ferdie Pacheco aliona vipimo vya figo zake, akaandika barua kwa Ali na kwa watu wake wa karibu akiwaambia basi, inatosha. Hakujibiwa. Daktari akaondoka. Waliokuwa wakila naye wakabaki.

Tarehe 2 Oktoba 1980, mwaka uleule aliokuja kwetu, Ali akapanda ulingoni Las Vegas na miaka yake 38 kupigana na Larry Holmes, kijana aliyekuwa akifanya naye mazoezi zamani. Raundi 10, hakushinda hata moja. Kocha wake ndiye aliyesema imetosha. Holmes mwenyewe, mshindi, alilia. Je, aliacha? Desemba 1981 akapigana tena, huko Bahamas, akashindwa tena. Mwaka 1984 akaambiwa ana maradhi ya Parkinson, akaishi nayo hadi alipofariki Juni 2016. Allah amrehemu.

Madaktari wamebishana ni kiasi gani cha maradhi yale kililetwa na ngumi. Wabishane. Mimi nasema hivi: mtu aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko mabondia wote waliomtangulia alimaliza umri wake akinong'ona.

HOJA YA 3: "Ndiyo riziki yake. Utamlisha wewe?"

Hii ndiyo hoja nzito, na siidharau. Lakini tazama kwanza riziki hiyo huenda wapi. Kwa pambano la Holmes, Ali aliahidiwa dola milioni 8. Promota akamkata zaidi ya milioni 1, na kesi ikaisha kwa kupewa dola 50,000. Kama Ali, anayejulikana dunia nzima, alifanyiwa hivyo, huyu wetu wa Tabora atafanyiwaje? Bondia anaondoka na uvimbe, na bahasha inapita mikono mingi kabla ya kumfikia.

Na sisi watazamaji je? Julai 2023 Karim Mandonga alipigana Nairobi na Daniel Wanyonyi, na siku chache baadaye akapigana Mwanza na Moses Golola. Yote mawili akapoteza. Kamisheni ya ngumi za kulipwa ikamsimamisha mpaka afya yake ichunguzwe, na katika hilo ilifanya vyema. Lakini sisi tulifanya nini? Tulisambaza video za mtu akianguka, tukacheka, tukangoja nyingine. Kichwa cha binadamu kinatikiswa, na wewe umelala kitandani unatafuta kicheko!

HOJA YA 4: "Bingwa hakimbii."

Ngamia wa Mtume (s.a.w.), Adhbaa, hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akampita. Masahaba wakaumia sana. Mtume (s.a.w.) akawafundisha kwamba ni haki ya Allah, hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila atakishusha. Imo katika Bukhari. Kama ngamia wa Mtume alipitwa, bondia wako ni nani asipitwe?

Na Khalid bin Walid (r.a.), Upanga wa Allah, Sayyidna Umar (r.a.) alipomwondoa kwenye uamiri, hakuanzisha fitina. Alibaki jeshini chini ya Abu Ubayda (r.a.), akapigana kama askari. Nani leo anamwita Khalid mwoga?

Ndugu zangu, sisi wa Kwihara tuna mfano mlangoni kwetu. Lile tembe linalotembelewa na wageni, Livingstone alikaa humo mwaka 1872. Stanley alimsihi arudi kwao, mwili umechoka. Akakataa. Agosti 25 akaondoka hapa, na Mei 1873 akafia huko Chitambo. Susi, Chuma na wenzao wakamrudisha mabegani, wakapita naye hapa Unyanyembe hadi pwani. Asiyekubali kutua mzigo, mwisho yeye mwenyewe hugeuka mzigo wa wengine.

Na mababu zetu Wanyamwezi, wapagazi wa njia hii, walijua jambo ambalo sisi tumelisahau. Mzigo mzito hautuliwi na mtu peke yake. Ukiuangusha, unakuvunja. Lazima mwenzako asimame mbele yako, anyooshe mikono, akutue.

Hapo ndipo lilipo kosa letu. Tunamuuliza bingwa, "Utaacha lini?" na mikono yetu tumeiweka mfukoni. Aache vipi, na kila anakopita anaitwa Champion? Aache aende wapi, na hakuna aliyemwonyesha kazi nyingine?

Nami simo nje ya lawama hii. Miaka 9 iliyopita kijana huyu alishinda pambano, akaja na fedha, akaninong'oneza, "Ustadhi, hizi za msikiti." Nikazipokea. Ninajua hukumu ya wanachuoni, na nikazipokea. Zikanunua zulia la safu ya mbele. Nikamwombea dua mbele ya watu, na watu wakaitikia amin. Hakuna aliyemuuliza kichwa kinamuuma. Kila nikisujudu sasa naliona zulia lile, na namsikia akinisalimia mara ya pili.

Astaghfirullah.

Kwa hiyo sitamwambia tu "acha, Allah ndiye mtoa riziki," kisha nikaenda kula. Tumekaa wazee wa msikiti na tumeanza kuchanga. Anaijua kazi ya nyuki tangu kwa babu yake, na asali ya Tabora haikosi mnunuzi. Tunataka mizinga ya kumwanzishia, na nauli ya kumpeleka hospitali akapimwe kichwa. Mimi nimetoa kwanza, kwa kuwa deni langu ni kubwa kuliko lenu. Jana alinijibu, "Nitafikiri, Ustadhi." Hajasema ndiyo. Muombeeni.

Na wewe unayesoma haya uko Mwanza, Morogoro, Tanga au Mombasa, mtaani kwako yupo mmoja. Usimwite Champion leo. Mwite kwa jina alilopewa na wazazi wake, kaa naye, muulize analalaje usiku. Kisha nyoosha mikono umtue.

Ewe Mola wetu, utusamehe tuliyoyashangilia, uwalinde ndugu zetu na akili zao, na utujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.