Gunia la Chitete ni kilo ngapi?

Mkulima wa Chitete, wilayani Momba, akiulizwa amevuna mahindi kiasi gani, hutaja magunia. Mwandishi wa habari huandika magunia. Mtafiti huzidisha kwa 100, anapata kilo, na taarifa inapelekwa ngazi za juu. Hakuna aliyeuliza gunia lenyewe lilijazwa vipi.

Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku hizo zimekuwa ushahidi kuwa bado ipo.

Tuseme mnunuzi analipa Sh60,000 kwa gunia lililoshindiliwa hadi kilo 120. Ikiandikwa tu kwamba gunia ni Sh60,000, msomaji aliyeko Dar es Salaam ataelewa kuwa kilo ni Sh600. Aliyelima amepata Sh500. Kilo 20 zimekwenda bure, na hazionekani popote: kwenye karatasi mavuno yamepungua na bei imepanda.

Kwa takwimu za namna hii ndipo huamuliwa kama wilaya ina ziada ya chakula, na kama mbolea imemlipa mkulima.

Ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Zambia, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula hununua mahindi kwa gunia la kilo 50. Kenya wamezoea gunia la kilo 90. Basi "magunia 20 kwa ekari" yanaweza kuwa kilo 2,000, 1,800 au 1,000 tu, na bado tunalinganisha nchi kwa nchi kana kwamba tunasema kitu kimoja.

Ekari nayo ina mambo yake. Vijijini wengi huipima kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ikifika mita moja, shamba lina mita za mraba 4,900, wakati ekari kamili ni kama 4,047. Anayepima hivyo huonekana hodari kuliko jirani yake mwenye hatua fupi, hata kama mahindi ni yale yale.

Jina la mahali pia hudanganya. Momba ilitoka Mbozi mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Anayelinganisha mahindi ya "Mbeya" ya 2010 na ya 2020 bila kukumbuka hilo atadhani wakulima walilala.

Tunawaomba maofisa ugani na watafiti waongeze maswali matatu kwenye fomu zao: gunia ni la kilo ngapi, limepimwa au limekadiriwa, na mahindi yalikuwa yamekauka au bado. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Waandishi nao waandike bei kwa kilo. Halmashauri, kwa upande wake, ihakikishe kila kituo cha kununulia mahindi kina mizani iliyokaguliwa, na iwe imefika kabla ya wanunuzi.