Nzi anaonja kwa miguu



Juma hili tuzungumze juu ya ladha. Sombe ya nani ina mawese ya kutosha, hilo tuliache. Nataka tuone namna wadudu na wanyama wanavyoonja, maana jambo hilo linafika mpaka ndani ya vyungu vyetu.

Mwangalie nzi anapotua kwenye sahani ya uji wa mtoto. Kabla ya kushusha mdomo anatembea kidogo, tunadhani anatafuta pa kukaa. Kumbe anaonja. Kwenye miguu yake mna vinyweleo, na kila kinyweleo kina tundu dogo sana kwenye ncha. Utamu ukigusa tundu hilo, habari inakimbia kichwani na mdomo wake, ulio kama mrija, unashuka papo hapo. Mmarekani Vincent Dethier alitumia miaka mingi akichunguza jambo hilo, na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima juu ya nzi mwenye njaa. Kitabu kizima! Chakula kikiwa kikavu, nzi anakitemea kwanza maji ya tumboni mwake ili kilainike, ndipo anakifyonza.

Sasa mama, miguu hiyo inayoonja uji huenda ilikuwa inaonja choo muda mfupi uliopita. Kuhara na kipindupindu vinaweza kupita njia hiyo. Kwa hiyo kifuniko cha sufuria na kifuniko cha shimo la choo vinafanya kazi moja.

Nzi hayuko peke yake. Nyuki anaonja kwa vipapasio vya kichwani na kwa miguu. Kipepeo jike anagongagonga jani kwa miguu kabla ya kutaga, na kama si jani watakalokula watoto wake, anaruka kwenda kwingine. Paka hasikii utamu kabisa. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mwili wake ya kupokea ladha ya sukari imeharibika tangu vizazi vya zamani. Ukimwona analamba chai ya maziwa, anafuata maziwa. Na ndege hawasikii ukali wa pilipili. Wanaimeza, wanaidondosha mbegu mbali, na wewe unaikuta imeota nyuma ya nyumba bila mtu kuipanda.

Lakini kwetu sisi neno kubwa ni uchungu. Kwa viumbe wengi uchungu ni onyo. Mtoto aliyezaliwa leo, ukimgusisha kitu kichungu ulimini, anakunja uso na kukitema. Hakufundishwa. Basi akitema dawa ya malaria usimwite mkaidi, ulimi wake unafanya kazi yake. (Dawa lakini ameze.)

Wapo panzi wa rangirangi, wale wanaokaa makundi-makundi na kunuka. Watafiti waliowachunguza huko Nigeria katika miaka ya 1970 waliona kwamba panzi akiuma jani bichi la muhogo anaacha upesi, ila jani lililonyauka analila. Sababu ni hii: jani au kiazi cha muhogo kikiumwa au kikikatwa, kinatoa sumu iitwayo sianidi. Jani bichi linaitoa kwa nguvu, lililonyauka kidogo tu. Huko Malawi wanawake wakulima waliwaeleza watafiti kwamba wanapenda kupanda mihogo michungu kwa sababu wanyama na wezi wanaiacha. Nadhani mama yeyote mwenye shamba karibu na pori, penye nyani, anawaelewa vizuri.

Sisi tumepata njia ya kuushinda uchungu huo: maji na siku. Mihogo inakaa majini siku 3 au 4, inalainika, sumu inatoka, kisha jua linamaliza. Hatari inaanza siku zinapokatwa. Huko Bandundu, barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofanya mihogo iuzike upesi, watu walianza kuiloweka siku 1 au 2 tu. Ndipo ugonjwa wa konzo ulipozidi. Daktari Trolli alikuwa ameuandika tangu mwaka 1938 huko Kwango, na jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto analala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa, na haifunguki tena. Unawapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, hasa wanaokula mihogo kila siku bila samaki, nyama wala maharagwe.

Barabara ililetea watu wa Bandundu soko. Kwetu kinachokata siku mara nyingi ni vita. Watu wamekimbia, mto uko mbali, watoto wanalia njaa, nani atangoja siku 4? Simlaumu mama yeyote. Ila tusiutegemee ulimi. Mihogo ikiisha kusagwa, unga unaweza kubaki na sumu ambayo hatuisikii, na mchuzi unaifunika.

Kwa wakati kama huo kuna njia moja iliyofundishwa kwa wamama wa Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Chukua unga wa leo, uchanganye na maji mpaka ulowe wote. Utandaze juu ya kitu safi, uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu inaondoka na hewa. Kisha songa bugali siku hiyo hiyo, usiulaze. Na ukiwa na nafasi ya kuloweka mihogo siku zake zote, iloweke. Njia hii ya unga inaongezwa juu yake.

Unga ukiwa juani, mtu akae karibu na kijiti. Kuku watakuja, na nzi pia, na mnajua sasa wanakuja na miguu gani.

Vikundi vyote, tuandikieni: kwenu mnaloweka siku ngapi wakati wa mvua, na ngapi wakati wa kiangazi maji yakipungua? Majibu tutayaweka hapa juma lijalo.