MASHAURI YA NYUMBANI: Usiulaumu Moto wa Gesi



Mama mmoja wa Bukavu aliniambia hivi: «Mwalimu, jiko langu dogo la gesi lanisumbua. Wali huungua katikati, na pembeni ungali mchele. Afadhali niyarudie makala yangu.» Je, kosa ni la jiko? Sivyo. Tutazame sababu.

Katika mbabula makala hutandazwa, na joto hushika kitako chote cha sufuria. Lakini jiko lile linalokaa juu ya mtungi wake lina duara moja ndogo ya moto. Ukiteleka juu yake sufuria pana na nyembamba, katikati hupata joto jingi, na pembeni kidogo.

Tena kuna sababu ya pili. Mji wa Bukavu uko juu ya bahari kwa meta 1,500 hivi. Hapo maji huchemka kwenye digri 95, si 100, na chakula hukawia kuiva. Mpishi akiona hivyo huongeza gesi. Kazi bure! Maji yanayochemka hayazidi joto kwa kuongezewa moto: hukauka tu, na chakula hushika chini.

Basi, yafaa kufanya hivi. Chagua sufuria yenye kitako kinene, isiyoupita moto mno kwa upana. Maharagi uyaloweke tangu jana yake. Fungua moto mpaka maji yachemke, kisha uupunguze mara moja, ufunike. Kila baada ya dakika chache uigeuze sufuria kidogo, kwa maana upepo huulaza moto upande mmoja. Sombe uikoroge toka pembeni hata katikati. Wali usiukoroge: maji yakikaribia kukauka, ipua sufuria pamoja na mfuniko wake, uifunge katika blanketi nzito muda wa dakika 20. Mvuke utaimaliza kazi pande zote sawasawa, bila gesi.

Sasa neno lililo kubwa kuliko wali. Siku moja nilikuwa matembezini na wanafunzi. Upepo ulivuma, nami nikauzungushia mtungi mabati pande zote. Mzee aliyetupikia akaugusa: ulikuwa wa moto! Akaifunga gesi upesi, akasema: «Mwalimu, wataka kutuua?» Alisema kweli. Mtungi ukishika joto, gesi iliyomo husukuma kwa nguvu, nao waweza kupasuka. Kinga upepo upande mmoja tu, mtungi ubaki wazi. Wala usipike katika chumba kilichofungwa, hata usiku wa baridi: moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

Mama yule alipunguza moto, akasubiri. Jumapili iliyofuata watoto wake walikula wali, wa pembeni sawa na wa katikati.